Maharage katika chungu cha umeme wakati wa zamu ndefu: nilikosea wapi?

Mama wa Leicester

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Ninaishi Leicester, Uingereza, nikiwa katika miezi ya mwisho ya mafunzo ya uuguzi. Zamu zangu huanza saa moja na nusu asubuhi na kumalizika saa mbili usiku, na mume wangu hutoka kwenda kazini mara niingiapo. Ili binti yetu wa miaka 5 asile mkate kila jioni, nilinunua chungu cha umeme cha kupikia taratibu, kile unachokiwasha alfajiri ukakiacha kutwa. Wiki iliyopita nilitia maharage mekundu makavu, niliyoyaosha tu bila kuyaloweka, pamoja na kitunguu, nyanya na tui la kopo, nikaweka moto mdogo kwa saa tisa. Maharage yalibaki na kiini kigumu, tui likakatika, na sote watatu tulitapika usiku ule. Naomba kuelezwa kosa langu, na kama kuna chakula cha nyumbani kinachokubali chungu hiki.

Mwanalishe, Dodoma

Poleni sana, na namshukuru Mungu kwamba mmepona. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, protini iitwayo fitohemaglutinini, ambayo huharibiwa na maji yanayochemka kwa nguvu, si kwa joto la wastani hata likidumu kutwa. Tena chakula kikifika nyuzi 80 hivi bila kuchemka, ukali wa sumu hiyo unaweza kuongezeka hadi mara tano, na moto mdogo wa chungu chako huenda ukakaa hapo kwa muda mrefu. Kutapika saa moja hadi tatu baada ya kula ndiyo dalili yake.

Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe katika sufuria ya kawaida kwa dakika 30, ndipo uyahamishie chunguni. Dakika 10 za kuchemka zinatosha kuiharibu sumu yenyewe, lakini ni lazima joto lifike hadi kiini cha punje, na ndiyo maana nasisitiza 30. Usiku ambao huna nguvu hata ya kuloweka, tumia ya kopo, kwa kuwa yamekwisha kupikwa kiwandani. Nyama nayo usiitie ikiwa na barafu. Iyeyushe kwanza ndani ya friji, kwa sababu chungu hiki huchelewa kupata moto na vijidudu hupata nafasi ya kuzaliana.

Bibi wa Mombasa

Marahaba, mwanangu. Tui halikuwa bovu, ulilitia mapema. Hata juu ya jiko la makaa hatulitii tui zito mwanzoni, bali tunapikia tui jepesi, kisha zito huja mwishoni, likakorogwa mpaka lishike. La kopo ni zito, basi mwambie baba watoto alitie nusu saa kabla ya kula. Pia maji ya chungu hiki hayapungui, kwani mvuke hurudi ndani, kwa hiyo usijaze kama unavyojaza sufuria. Kitunguu kikaange usiku kwa mafuta kidogo hadi kiwe na rangi. Kikiingia kibichi kitalainika tu, na mchuzi utakosa ile harufu inayomvuta mtoto mezani.

Mzaliwa wa Moshi

Mimi ningekushauri mtori, dada, maana ndicho chakula nilichokiona kikikubali chungu hiki bila ugomvi. Nunua muundi wa ng'ombe wenye mfupa, uuweke alfajiri na kitunguu, chumvi na maji ya kuufunika tu, moto mdogo, saa nane. Jioni mume wako atoe mifupa, atie ndizi mbichi zilizomenywa na kukatwa vipande vidogo, apandishe moto hadi zilainike kabisa, kisha aziponde humo humo kwa mwiko. Ndizi zikikaa kutwa hubadilika rangi na ladha, ndiyo sababu nasema jioni. Kwetu mtori hupewa mzazi aliyetoka kujifungua, na nadhani mtu anayesimama wodini saa 12 anaustahili vilevile. Asifunue kifuniko kila mara kutazama, kwani joto linalotoka huchukua hata nusu saa kurudi.

Mama wa Leicester

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Sikujua kabisa habari ya sumu, na nimekula maharage maisha yangu yote. Nyumbani mama aliyachemsha saa nzima, kwa hiyo hatukuwahi kuiona. Ndizi mbichi zinapatikana katika duka la Wahindi lililo karibu nasi, basi Jumamosi tutaanza na mtori. Maharage nitayaloweka Jumapili usiku, kwa kuwa Jumatatu sina zamu na nitaweza kuyachemsha mwenyewe.