Naomba ushauri: kulinganisha mbao za Tanzania na za Kongo zinazouzwa Kenya

Habari zenu wakuu. Naandika utafiti wa chuo kuhusu mbao ambazo Tanzania na Kongo zinaiuzia Kenya, hasa tangu Kenya ilipozuia ukataji miti kwenye misitu ya umma Februari 2018. Za Tanzania hazinisumbui, paini nyingi ni ya Mafinga. Zinazoniumiza kichwa ni za Kongo. Mahogani na mvule hupitia Uganda kabla ya kufika mpakani mwa Kenya, Busia au Malaba. Juzi kwenye soko la Gikomba, Nairobi, nimeshika ubao wa mvule, mzito kweli, muuzaji anasema wa Kongo, karatasi zinasema Uganda! Sasa niuhesabu wapi? Na nitumie mita za ujazo au thamani, maana bei ya mvule na paini ni mbingu na ardhi? Waliowahi kufanya kazi mpakani, nisaidieni tafadhali.