Eti "kipa"! Huyu konda wa Mbagala ana nini na miguu yangu?

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule konda wa Mbagala–Kariakoo, sina haja ya kumtaja, mnamjua, mwenye sauti kama spika ya msibani. Leo kanimaliza.

Miaka 17 nasimama darasani. Vali za mishipa ya miguu zimechoka, damu ikishuka haitaki kupanda, jioni mguu unakuwa gogo. Daktari kaniandikia soksi za kubana, za magotini, nguvu ya kubana mmHg 20–30. Kuzivaa tu ni vita: alfajiri, kabla sijashusha mguu kitandani, na glavu za kuoshea vyombo, navuta kama namvisha ng'ombe suruali.

Sasa leo nashuka, sketi ikapanda kidogo tu. Jamaa akagonga bodi: "Suka, shusha, kipa huyo!"

KIPA. Gari zima hoi. Hata mtoto aliyekuwa ananyonya aliachia ziwa akacheka. Mama wa watoto watatu, nimekumbatia madaftari ya kusahihisha, naitwa kipa! Na wanafunzi wangu wawili walikuwemo. Saa nne naingia darasani, ubaoni pamechorwa goli.

Kipa, jamani!

mpwa_wa_bibi: Pole ticha. Chenji ulidaka kwa mikono miwili?

kijani_damu: Soksi rangi gani kwanza? Kama nyekundu, konda hana kosa.

mnyama_mkali: We wa kijani nenda jukwaa la michezo, hapa watu wanaumwa mishipa.

Mleta uzi: Ni NYEUSI! Na hoja si rangi, hoja ni kipa!

mamaTunda: Afadhali yako. Mimi zangu nilizianika kambani, hazina hata mwezi, wifi kaja kutusalimia kazichujia tui. Tui la nazi! Na wali nimeula, nikasifia.

mpwa_wa_bibi: 😂😂😂 Tui lilitoka zito?

mamaTunda: Zito haswa, sitasema uongo. Ila wifi huyu ana mambo, mwaka jana alichukua...

kijani_damu: Subiri kwanza, za magotini au za mapajani?

mamaTunda: Magotini. Zile zilizo wazi vidoleni hazifai, machicha yanapita.

Mleta uzi: Jamani, konda je?

shangazi_kifumbu: Mimi zangu zimefika miezi sita, mpira umelegea, nilikuwa nazitupa. Kwa nazi tatu, soksi moja inatosha?