Finland au Singapore: ziara ya wiki moja kuona shule, twende wapi?

Kalamu_Nyekundu: Wadau, tunapanga ziara ya wiki moja kwenda kuona wenzetu wa nje wanavyofundisha. Fedha inatosha nchi moja tu. Tumebaki na Finland na Singapore. Natakiwa kutoa jibu Ijumaa.

Mkaguzi: Mkuu, hujasema mnakwenda kuangalia nini. Msingi au sekondari? Mko wangapi? Mwezi gani? Singapore sehemu kubwa ya Juni shule zimefungwa, na Finland Juni na Julai hukuti mtoto darasani.

Ubao: Finland! Mtoto anaanza darasa la kwanza na miaka 7. Kipindi dakika 45, kisha robo saa nje hata kukiwa na theluji. Mtihani wa taifa ni mmoja, mwisho wa sekondari ya juu. Mwalimu wa darasa ana shahada ya uzamili.

Hesabu_Kwanza: Hiyo sifa ni ya 2006, walipopata 548 katika hisabati ya PISA, mtihani wa kimataifa wa watoto wa miaka 15. Mwaka 2022 wamepata 484, Singapore 575. Nendeni Singapore mkaone mtoto anavyoanza na vitu vya kushika, akaja kwenye mchoro wa vipande vinavyowakilisha namba, ndipo akaandika namba.

Ubao: Na tuisheni ya jioni ya huko Singapore je? Darasa mtaliona, jioni hamtaiona.

Hesabu_Kwanza: Wamepunguza mashindano. Alama za PSLE, mtihani wa darasa la sita, zinapangwa kwa utaratibu mpya tangu 2021, na mikondo ya sekondari, ile ya kugawa watoto kwa alama zao, imeondolewa kwa walioingia kuanzia 2024.

Mkaguzi: Ziara nyingi huharibiwa na ratiba. Kundi moja la watu 22 lilifika Helsinki, mji mkuu wa Finland, wiki ya 8 ya mwaka, wakakuta likizo ya majira ya baridi. Siku tatu wakasikiliza mihadhara ofisini. Likizo ile hupangwa kwa kanda, wiki ya 8, 9 au 10, kwa hiyo Alhamisi wakapanda treni kwenda kaskazini ambako shule zilikuwa wazi. Wakaingia darasa moja wote 22! Watoto wakageuza shingo, mwalimu akaacha somo akawa anajibu maswali ya wageni. Gawanyikeni wawili wawili, mkae darasa lilelile asubuhi hadi mchana, mfungue na madaftari ya watoto. Picha za watoto ziwe na idhini ya wazazi kwa maandishi.

Mdadisi: Estonia mbona mmeiruka? Hisabati 510 mwaka 2022, na kutoka Helsinki ni saa mbili hivi kwa meli.

Kalamu_Nyekundu: Asanteni. Tuko 14, walimu wa msingi, Oktoba. Tatizo letu ni watoto wanaosoma bila kuelewa.

Mkaguzi: Hilo ndilo ungeanza nalo! Hisabati tumebishania bure. Oktoba jihadharini na wiki ya 42, shule nyingi za Finland huwa na likizo ya vuli. Viza ya Schengen, ya kuingia Finland na nchi nyingi za Ulaya, inataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari.

Ubao: Kifini huandikwa kinavyotamkwa, karibu kila herufi na sauti yake, kama Kiswahili. Mbinu zao za kusoma zitawafaa.

Hesabu_Kwanza: Lakini watamsikilizaje mwalimu? Somo zima kupitia mkalimani? Singapore wanafundisha kwa Kiingereza.

Mdadisi: Kalamu, hao watoto ni wa darasa la pili au la tano? Jibu linabadilika hapo.