Mbwa wangu hukimbiza kila pongo: nimfundisheje kufuata aliyejeruhiwa tu?

Mkazi wa Magu
Ndugu wanajamvi, ninaomba ushauri wenu. Ninamlea mbwa jike ambaye ningependa amsaidie kaka yangu, mwindaji mwenye leseni, kumtafuta mnyama aliyepigwa risasi akatokomea vichakani. Pua yake ni nzuri, lakini akinusa pongo mzima, au hata mbuzi wa jirani, huacha kila kitu na kutimua mbio. Nimeambiwa nimvishe kola ya umeme, ile inayomshtua mbwa akikosea. Je, itafaa?

Fundi wa Nyayo
Ndugu, kola hiyo achana nayo. Wamarekani wanaowinda rakuni, mnyama mdogo wa kwao, huitumia ili mbwa aichukie kabisa harufu ya kulungu, na kwao ni sawa kwa kuwa wao hawamhitaji kulungu. Wewe utataka kesho mbwa aifuate harufu ileile ya pongo uliyomwadhibia leo. Ukimwadhibu pua ikiwa chini, ataogopa njia yenyewe.

Kinachofundishwa ni kushika njia ya mnyama mmoja bila kuiacha, hata wengine wakiikatiza. Nenda machinjioni, uombe damu na miguu ya mbuzi yuleyule mmoja. Ikoroge damu kwa kijiti ingali ya moto mpaka nyuzi zake zijisokote kwenye kijiti, nayo haitaganda. Funga kwato chini ya viatu vyako, tembea hatua kama hamsini ukidondosha tone hapa na pale, na mwisho wa njia uache ngozi na kipande cha nyama. Akiimudu, itengeneze jioni, umpeleke alfajiri. Ujerumani, kwenye mtihani wa mbwa wa kazi hii, njia huwa na mita 1,000, damu haizidi robo lita, na hulala saa 20 au 40 kabla mbwa hajaletwa.

Kisha ipitishe makusudi mahali walipolishwa mbuzi wengine asubuhi hiyo. Akiinua kichwa kuwatazama, simama, shika kamba, usiseme neno. Pua ikirudi ardhini, ndipo usogee. Mkanda wa kifuani na kamba ya mita 10 avae kwa kazi hii peke yake. Siku nyingine zote akiwaona mbuzi aambiwe alale, na asionje raha ya kumkimbiza hata mmoja.

Mama Kisesa
Nakubaliana naye, ila miamba yetu ikishapata jua la saa nne harufu hupotea upesi, kwa hiyo fanyeni mazoezi kungali na umande. Na kabla ya kumpeleka porini, kaka yako aiulize TAWA, mamlaka ya wanyamapori Tanzania, kwa maandishi kuhusu mbwa, kwa sababu leseni ya kuwinda si lazima iwe ruhusa ya kuingia naye.

Mkazi wa Magu
Ahsanteni sana. Na mnyama akishapigwa, tumfuate mara moja?

Fundi wa Nyayo
Hapana. Aliyepigwa tumboni hulala karibu akiachwa. Akifuatwa mapema huinuka na kwenda mbali, tena damu ikiwa imepungua. Wekeni alama mahali aliposimama alipopigwa, msikanyagekanyage hapo, mngoje saa kadhaa, ndipo mbwa aanzie kwenye alama hiyo akiwa kwenye kamba.