Gobore lenye chapa ya TOWER 1856: ni la asili au limeungwaungwa?

Mjukuu wa Magomeni
Shikamooni wakubwa. Katika mirathi ya babu nimeachiwa gobore la fataki ambalo ubavuni mwa mtambo (sehemu inayofyatua) lina taji, neno TOWER na mwaka 1856. Mtutu una sentimita 76, umeshikwa na pete mbili, na ndani ni laini. Mnunuzi mmoja anadai ni Enfield ya jeshi la Uingereza ambayo haijaguswa. Mwingine anasema limeungwaungwa. Nimwamini nani?

Mzee wa Upanga
Marahaba, mjukuu. Kwanza hakikisha halijashindiliwa. Bila kusimama mbele ya mdomo wa mtutu, teremsha mdeki (fimbo ya kushindilia) wa mti mpaka ugote, utie alama, kisha uulaze kwa nje sambamba na mtutu. Usipofika usawa wa kifa (kichuchu kinachovikwa fataki), ndani mna kitu, na hapo uache kila kitu uwaite polisi.

Enfield ya muundo wa mwaka 1853 ilikuwa na mtutu wa sentimita 99, pete tatu, na mifereji mitatu ya kuzungusha risasi ndani ya tundu la milimita 14.7, na ile fupi ya pete mbili ilikuwa na sentimita 84. Sentimita zako 76 hazilingani na yoyote kati ya hizo, kwa hiyo nashuku msumeno. Tazama kilengeo cha mbele, ambacho kwenye ile ndefu ndicho pia kilichoshikilia singe: kama hakipo, au kimechomelewa upya, shaka inazidi. Ulaini wa ndani, hata hivyo, hauthibitishi kwamba si la asili, kwa sababu baada ya uasi wa India wa 1857 Waingereza waliwapa askari wa Kihindi bunduki za umbo hilohilo zisizo na mifereji, zenye tundu la takriban milimita 16.7. Fundi yeyote wa Gerezani mwenye kalipa atakupimia.

Fundi wa Keko
Mimi nazungumzia mbao tu. Kitako cha jeshi kilichongwa kwa mti wa jozi, na mbao iliachwa ijitokeze kidogo kuliko chuma. Ukipitisha ukucha ukakuta mbao imezama chini ya bamba la mtambo, ujue imepigwa msasa. Kisha fungua mtambo. Shimo lake linapaswa kufuata umbo la springi kwa kingo kali, bila nafasi wala viraka.

Mjukuu wa Magomeni
Ahsanteni. Mdeki umefika usawa wa kifa. Ila ndani ya shimo la mtambo kuna kipande cha mbao nyekundu, kama mninga, kimepigiliwa misumari miwili. Je, niisugue kutu ili chapa zisomeke?

Mzee wa Upanga
Usisugue hata kidogo. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, basi. Kwa kiraka hicho, TOWER 1856 inaushuhudia mtambo peke yake, haiushuhudii mtutu. Silaha kuukuu za Ulaya zilimiminika pwani kupitia Zanzibar mpaka Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipobana biashara hiyo, na mafundi wetu waliziunga kwa walichokuwa nacho. Kwangu mimi gobore la namna hiyo lina thamani yake, lakini si ya Enfield kamili, na anayelinadi hivyo anakudanganya au anajidanganya.

Mdau wa Kigamboni
Suala la bei lisubiri. Silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, hivyo anzia polisi, kisha uwaone wataalamu wa Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert.