Naomba ushauri: mbao za daraja la kuingilia shambani zimeoza, niweke nini ili Canter ipite?

Kijana wa Mtoni aliandika:

Wakuu, habari za leo. Nina shamba la parachichi nje kidogo ya mji wa Njombe. Kati ya barabara ya kijiji na shamba kuna kijito ambacho hakikauki mwaka mzima, na juu yake kuna daraja alilojenga baba. Urefu ni mita 6, upana mita 3. Limekaa kwenye kuta za mawe pande zote mbili, katikati zimepita boriti tatu za chuma zenye umbo la I, kisha mbao za paini za nchi 2 kwa 8 zimelazwa kukingama na kupigiliwa kwenye vipande vya mbao vilivyofungwa kwenye chuma. Hazikuwekwa dawa, zilipakwa oili chafu tu. Huu ni mwaka wa nne, na sasa ukikanyaga zinabonyea. Tatu zimeshatoboka.

Wanunuzi wanakuja na Canter. Dereva wa mwisho alishuka, akaliangalia daraja, akageuza gari. Tulibeba kreti kichwani hadi barabarani.

Nimepewa mawazo matatu: kurudishia paini ileile, kupasua milingoti (mikaratusi) yangu iliyoko juu ya shamba, au kumwaga zege niachane na habari za mbao. Nataka kazi iishe kabla mvua za Novemba hazijaanza. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Chuma Chakavu alijibu:

Tafuta reli za zamani, zipange, umemaliza. Hazifi hizo.

Mama Hass alijibu:

Reli za zamani unazipata wapi kaka? Miundombinu ya reli ni mali ya umma. Ukikutwa nayo bila karatasi za mnada utaeleza mbele ya hakimu, daraja utalimalizia ukitoka. Usimpoteze mwenzio.

Zege Halilali alijibu:

Mwaga zege mkuu. Nchi 6, nondo milimita 12, unasahau kabisa. Mbao ni gharama ya kila baada ya miaka.

Bwana Kipimo alijibu:

Zege Halilali, tupige hesabu kwanza. Mita 6 kwa mita 3 kwa sentimita 15 ni mita za ujazo 2.7. Zege lenye nondo lina tani 2.4 hivi kwa kila mita ya ujazo. Umezitwisha boriti za mzee tani 6 na nusu ambazo hazishuki usiku wala mchana, na Canter bado haijapanda. Mbao za nchi 3 eneo hilohilo ni kama tani moja. Kama boriti na kuta za mawe havikukusudiwa kubeba zege, hapo hujatengeneza sakafu ya daraja, umeanza daraja jipya, na hilo lina bei yake na mchoro wake.

Kijana, kabla hujauliza mbao gani, jibu haya. Kati ya boriti na boriti kuna nafasi gani? Kimo cha boriti ni milimita ngapi? Na vichwa vyake, pale zinapokaa juu ya mawe, vina hali gani? Toa udongo wote uone chuma chenyewe. Gonga kwa nyundo. Chuma kizima kinalia, chenye kutu ya ndani kinatoa sauti ya kufa na magamba yanadondoka.

Mzee wa Mbao alijibu:

Mwanangu, nimepasua mbao huku nyanda za juu muda mrefu. Niseme la milingoti na la paini.

Mlingoti ni mgumu kuliko paini, hilo halina ubishi. Ila ukiupasua leo na kuulaza kesho utajuta, kwa sababu unapokauka unapinda na kupasuka kwenye ncha. Pia moyo wake haunywi dawa. Dawa inaingia kwenye sehemu nyeupe ya nje tu, ndiyo maana nguzo za umeme hutiwa dawa zikiwa mviringo mzima, na ile nyeupe inauzunguka moyo na kuulinda. Ukishapasua mbao, moyo unabaki wazi.

Paini ni laini lakini inakunywa dawa vizuri. Mimi ningechukua paini nene iliyotiwa dawa kwa mtambo wa mgandamizo. Angalia sana hapo: kuna watu wanachovya mbao kwenye pipa dakika chache, zinatoka za kijani, wanakuuzia bei ya mtambo. Mwambie muuzaji akate kipande katikati ya ubao, si kwenye ncha, maana nchani dawa huingia yenyewe. Ukiona kijani ni utepe mwembamba juu juu na ndani ni nyeupe tupu, rudisha. Na ncha utakazokata mwenyewe uzipake dawa ya brashi, vinginevyo uozo utaanzia hapo.

Vipande vinavyobaki visiende jikoni. Dawa ile ina aseniki, moshi wake ni sumu, na majivu yake pia.

Oili chafu achana nayo. Inakaa juu, inateleza, na mvua ikinyesha inaingia kijitoni.

Kijana wa Mtoni alijibu:

Shikamoo mzee, asante sana. La kukata ubao katikati sikuwa nalijua.

Bwana Kipimo, nimeshuka kupima. Katikati ya boriti moja hadi nyingine ni mita 1.2. Kimo ni milimita 200. Mbili zinalia vizuri. Moja, ya upande wa juu wa kijito, kichwa chake kimoja kilikuwa kimefukiwa na udongo na majani, kutu imekula, magamba yanatoka mkononi.

Bwana Kipimo alijibu:

Basi shida yako kubwa ni hiyo mita 1.2, mbao zinafuata.

Canter iliyojaa ina tani 7 hivi kwa jumla, na mzigo mwingi unakaa ekseli ya nyuma. Chukua tani 5 kwa ekseli hiyo, ni tani 2 na nusu kila upande, na tairi inagusa ubao mmoja au miwili tu kwa wakati mmoja. Ubao wa nchi 2 ukiachwa hewani zaidi ya mita moja hauwezi mzigo huo, hata uwe mpya. Hizo zako hazikufa kwa kuoza peke yake, zilikuwa zinapinda kila gari linapopita, nyufa zinafunguka, maji yanaingia.

Nguvu ya ubao inakwenda kwa mraba wa unene. Ukitoka nchi 2 kwenda nchi 3 umepata nguvu mara 2 na robo, ukienda nchi 4 ni mara 4. Kwa nafasi yako ya sasa ningetaka nchi 4, na ubao wa namna hiyo ni mzito, ghali, na mgumu kupata uliokauka. Ndiyo maana ningeongeza boriti mbili, moja katikati ya kila nafasi, zibaki tano. Nguvu inayoupinda ubao inashuka karibu nusu, nchi 3 inatosha, na mzigo wa gari unagawanywa kwa vyuma vingi zaidi.

Ile iliyoliwa usiipake rangi ukaendelea. Isugue kwa brashi ya waya hadi chuma safi, pima unene uliobaki ulinganishe na katikati ya boriti ileile. Mpeleke mhandisi aione kwa macho, yeye ndiye aamue kama inaungwa bamba au inatoka. Na afanye hesabu ya boriti zote, kwa sababu mimi nimekadiria nikiwa nimekaa kwenye kiti. Fursa ya kuingiza chuma ni sasa, mbao zikiwa zimeng'olewa.

Chuma Chakavu alijibu:

Kwa hiyo kutoka kubadilisha mbao tumefika boriti mbili mpya na mhandisi. Parachichi zitalipa kweli?

Mama Hass alijibu:

Zitalipa kuliko Canter ya mtu ikizama kijitoni na dereva ndani.

Kijana, na mimi nina daraja kama lako, nikwambie yale ya ufungaji. Misumari usitumie, gari likitikisa inapanda yenyewe na kutoboa tairi. Nimetumia bolti za ndoano, ndoano inashika bapa la juu la boriti kwa chini, nati inakaza juu ya ubao, nayo imezamishwa kwenye tundu. Boriti haitobolewi hata mara moja. Ziwe zilizochovywa zinki, kwani dawa ya mbao ina shaba na inakula chuma kitupu. Kaza tena baada ya miezi michache mbao zikishakauka.

Kati ya chuma na ubao nimelaza DPC, karatasi ya kuzuia unyevu, ileile ya kwenye msingi wa nyumba, ili maji yasilale juu ya boriti. Kati ya ubao na ubao acha sentimita moja. Fundi wangu alitaka kuzibana eti daraja lipendeze, nikakataa. Zikibana, tope linajaa na maji hayatoki. Kwa mita 6 zako, ubao wa nchi 8 na hiyo sentimita, unahitaji 29 hivi. Nunua mbili za akiba.

Juu yake nimelaza mbao nyingine mbili mbili kwa urefu, njia ya tairi. Hizo ndizo zinaliwa, na kuzibadili ni kazi ya asubuhi moja. Pembeni weka kingo ya nchi 4 dereva aisikie tairi ikigusa, iinuliwe kwa vipande vya chini ili maji yapite.

Mzee wa Mbao alijibu:

Mama amesema vyema. Ila hizo mbao za njia ya tairi zinashika tope chini yake. Kila baada ya mvua fagia.

Kijana wa Mtoni alijibu:

Nimewaelewa wakuu. Zege nimeacha, milingoti ibaki imesimama. Kuna kibali chochote? Jirani ananitisha na sheria ya mita 60 kutoka mtoni.

Bwana Kipimo alijibu:

Mita 60 ipo, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inahusu shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mto na kingo zake. Kubadili mbao juu ya kuta zilizopo bila kuingia kwenye maji ni ukarabati. Ukitaka kugusa kuta, kuchimba, au kupunguza njia ya maji, nenda kwanza Bodi ya Maji Bonde la Rufiji na ofisi ya mazingira ya halmashauri. Boriti mpya zikae kwenye kuta zilizopo, zisishuke chini kuliko za zamani, mafuriko yasipate pa kusukumia magogo.

Mama Hass alijibu:

Na mbao ukizinunua mbali, omba hati ya kusafirishia kwa muuzaji kabla hujapakia. Kwenye kizuizi cha barabarani hawaulizi daraja lako lina hali gani.