Mjadala: Je, mtoto wa darasa la awali afundishwe kuvunja namba katika jozi?

Mtoa mada

Wapo wanafunzi wa darasa la tatu, na hata la nne, ambao wakipewa 8 + 7 huchora vijistari vinane pembezoni mwa daftari, wakaongeza saba, kisha wakavihesabu vyote tangu cha kwanza. Kwa kuwa mara nyingi jibu huwa sahihi, tunawawekea alama ya vema na kuendelea. Shida hujitokeza siku wanapokutana na 52 − 37. Hapo mwanafunzi anatakiwa kukopa, akumbuke amekopa wapi, kisha atoe 7 katika 12. Na kwa sababu 12 kwake ni vijistari kumi na viwili vya kuchorwa na kufutwa kimoja kimoja, akimaliza kufuta amekwishasahau alichokopa. Tunasema hajui kukopa, ilhali kilichomwangusha ni kutojua kwamba 12 ni 7 na 5.

Ninapendekeza kwamba kuvunja namba ndogo katika jozi za kujumlisha kuanze katika darasa la awali, kwanza hadi 5, kisha hadi 10, na kwamba kazi hiyo ipewe sehemu ya muda ambao sasa tunautumia kuwaimbisha watoto namba hadi mia. Namba 5 pekee ina mengi ya kufundisha: 5 na 0, 4 na 1, 3 na 2, kisha jozi hizo hizo zikigeuzwa. Mtoto apewe vizibo vitano vya soda, mwenzake afiche baadhi chini ya kikombe, naye ataje vilivyofichwa kwa kuvitazama vilivyobaki. Katika mchezo huo mmoja amejumlisha na kutoa kwa pamoja. Akizijua jozi za 10, anakuwa na njia ya kuvuka kumi bila vijistari: kwa 8 + 6 anachukua 2 kutoka katika 6, anaikamilisha 8 kuwa 10, zinabaki 4, na jibu ni kumi na nne.

Hili si wazo geni duniani. Mtaala wa Uingereza unaotumika tangu mwaka 2014 unamtaka mtoto wa mwaka wa kwanza azijue jozi hizi hadi 20, pamoja na kutoa kunakotokana nazo. Viwango vya Marekani vilivyotolewa mwaka 2010, na kupokewa na majimbo mengi, vinamtaka mtoto wa chekechea avunje kila namba isiyozidi 10 kwa njia zaidi ya moja. Singapore mtoto huanza na vitu vya kushika, akaja kwenye picha, ndipo akaandika alama. Kwetu Tanzania, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika mwaka 2015 uliiweka KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mbele ya masomo mengine, na ndani ya K ile ya tatu, yaani kuhesabu, naona nafasi ya kutosha ya jambo hili.

Mchangiaji: mwalimu wa darasa la kwanza

Ndugu mtoa mada, nakubali kwamba vijistari vinawachelewesha watoto, lakini nina mashaka na umri unaoutaja. Mwanasaikolojia Jean Piaget alionesha kwamba mtoto wa miaka minne au mitano, akiona safu mbili za vitu zinazolingana, kisha moja ikatawanywa mbele yake, mara nyingi atasema iliyotawanywa ina vitu vingi zaidi. Mtoto ambaye bado hana hakika kwamba vitano hubaki vitano atavunja nini? Nachelea kwamba tutamwondoa kwenye wimbo wa moja hadi mia na kumpa wimbo mwingine wa "tatu na mbili ni tano".

Pili, Marekani uliyoitaja ndiko wazazi walikolalamika kwamba watoto wao walinyimwa alama kwa jibu sahihi kwa sababu hawakufuata njia iliyotakiwa. Tatu, katika darasa lenye watoto zaidi ya mia moja, vikombe na vizibo vya kumtosha kila mmoja ni ndoto.

Mchangiaji: mzazi

Enzi zetu aliyehesabu kwa vidole alichapwa. Je, katika utaratibu huu vidole vinaruhusiwa, au mtoto anatakiwa ahesabu kichwani tangu mwanzo? Nauliza kwa sababu nyumbani tunamkanya mtoto asivitumie, na sina hakika kama tunamsaidia au tunamharibia.

Mtoa mada

Mwalimu, nakushukuru kwa hoja ya Piaget, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 James McGarrigle na Margaret Donaldson walilirudia jaribio hilo kwa namna nyingine: safu ilivurugwa na kidoli cha dubu kana kwamba kwa utundu, wala si na mtu mzima aliyeonekana kufanya jambo la maana. Watoto wengi zaidi, wa umri wa miaka minne hadi sita, walijibu sawasawa. Kwa hiyo huenda mtoto anajua zaidi ya anavyoonekana kujua tunapomhoji. Isitoshe, kuvunja namba ni mazoezi ya jambo hilo hilo unalolihofia: vizibo vile vile vinahama kutoka 3 na 2 kwenda 4 na 1, hakuna aliyeongeza wala kupunguza, na mtoto anavihamisha mwenyewe. Mtoto anayecheza mdako, anayetoa vijiwe shimoni na kuvirudisha huku akibakiza idadi inayotakiwa, anafanya kazi ya jozi kabla hatujamfundisha.

Kuhusu alama, nipo upande wako kabisa. Jozi zifundishwe, lakini jibu sahihi lisikatwe alama kwa sababu ya njia, hata kama mtoto amechora vijistari.

Ndugu mzazi, msimkanye. Vidole ndivyo zana ninayomjibia Mwalimu pia kuhusu darasa kubwa: "Nioneshe saba kwa mikono miwili" ni agizo ambalo watoto mia moja wanaweza kulitekeleza kwa wakati mmoja, na kwa kutazama mara moja mwalimu anawaona walioinua tano na mbili. Akiongeza "sasa nioneshe kwa njia nyingine," watatokea wa nne na tatu. Tunachotaka ni mtoto aoneshe saba kwa mkupuo, bila kuinua kidole kimoja kimoja akianzia moja.

Kinachobaki kati yangu na Mwalimu, nionavyo, ni muda. Mimi ningewasimamisha watoto wa darasa la awali kwenye 20 badala ya 100, ili siku zitakazopatikana ziwe za 5 na 10. Mwalimu, na wengine mnaofundisha watoto wa umri huo, mngekubali kuiacha mia isubiri hadi darasa la kwanza, au mngeondoa kitu kingine?